Kabureta ya Volkswagen imelika: itengenezwe au itupwe?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1600, niliyoachiwa na marehemu baba. Miaka yote ilikuwa Tanga, mwaka jana nikaihamishia Arusha. Sailensa (mwendo wa injini gari ikiwa imesimama) haitulii, inapanda na kushuka, na injini ikishapata moto inazima nikifika kwenye makutano. Plagi zinatoka nyeusi na gari inakula mafuta. Nimebadilisha gasketi zote za kabureta, sindano ya boya na diaframu, imeoshwa mara mbili, hali ni ileile. Fundi wangu anasema kabureta imekufa, ninunue mpya ya kuiga au nifunge ya Toyota. Unanishauri nini?

Jibu: Marahaba, dada. Hiyo kabureta usiitupe, na ya Toyota usiifunge. Kwa dalili ulizotaja, ninachoshuku kwanza ni tundu la shafti ya kipepeo. Shafti ni kile kijiti cha chuma kinachopita katikati ya shingo ya kabureta, na kipepeo ni kibati cha mviringo kilichofungwa juu yake, kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Seti ya gasketi, sindano na diaframu uliyoifunga ina vitu vya kubadilisha, na hakuna hata kimoja kinachogusa mahali hapo palipolika. Ungeweza kubadilisha seti kila mwezi na gari ikazima palepale.

Tena una matatizo mawili kwa pamoja, na yanavuta pande tofauti. Sailensa inayopanda na kushuka huonyesha hewa imezidi. Plagi nyeusi huonyesha mafuta yamezidi. Fundi akitaka kuyatibu yote mawili kwa bisibisi atazungusha skrubu mpaka vichwa viishe, kwa sababu kila anapopunguza mafuta sailensa inaharibika zaidi, na kila anapoongeza plagi zinazidi weusi. Tuyatenganishe, tuanze na hewa.

Gari ikiwa sailensa, kipepeo kimekaribia kuziba kabisa. Injini inavuta kwa nguvu chini yake, na hewa inayotakiwa kupita ni kidogo sana, iliyopimwa na njia nyembamba zilizochongwa ndani ya kabureta. Sasa tundu la shafti likishakuwa la yai, hewa nyingine inaingia pembeni mwa shafti bila kupimwa na mtu. Kwa mwendo wa kasi huioni tofauti, maana hewa inayopita shingoni ni nyingi na hiyo ya wizi ni sehemu ndogo. Kwenye sailensa, wizi huohuo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ubaya zaidi ni kwamba haukai mahali pamoja: kila ukiachia mafuta, springi inairudisha shafti imelalia upande tofauti kidogo, kwa hiyo leo sailensa ni mizunguko 700 kwa dakika, ukiachia tena ni 1,100.

Kinacholika zaidi ni mwili wa kabureta, kwa kuwa ni aloi laini na shafti ni chuma kigumu. Vumbi la barabara zetu linafanya kazi iliyobaki. Likinasa kwenye mafuta yaliyoganda kwenye ncha za shafti, linageuka msasa unaozunguka kila unapokanyaga. Upande wa mkono unaovutwa na waya ndio hulika mapema, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya waya na ya springi zinapokutana.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha. Zima injini, shika mkono wa kabureta unapoungana na shafti, usukume juu na chini, mbele na nyuma. Ikiingia na kutoka kwa urefu wake usijali sana. Plei (kucheza) ya juu na chini inayoonekana kwa macho ndiyo imezidi. Kisha washa injini, iache ipate moto, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, udondoshe matone mawili ya oili nzito ya injini kwenye kila ncha ya shafti. Oili itaziba mwanya kwa sekunde chache. Sailensa ikitulia au ikibadilika ghafla, mwizi umemkamata. Wapo wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta kwa jaribio hili. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inawaka, distributa, ile inayogawa umeme wa plagi, iko karibu kabisa na hapo na injini ni ya moto. Mimi natumia oili.

Fanya jaribio hilohilo kwenye mipira miwili inayounganisha manifoldi (bomba la kupeleka hewa na mafuta kwenye silinda) na vipande vyake vya pembeni, na chini ya kabureta inapokalia manifoldi. Injini yako ya 1600 ya mwaka huo huwa na milango miwili ya hewa kila upande, na mipira yake ikizeeka inapasuka kwa ndani ambako huoni. Mpira ni bei ndogo kuliko kazi ya kabureta, kwa hiyo uanze nao.

Na usiniambie habari za kabureta kabla ya kupima moto wa plagi na valvu. Pointi za ndani ya distributa ziwe na nafasi ya 0.4 mm, valvu 0.15 mm injini ikiwa baridi, taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ipimwe kwa taa na si kwa sikio. Angalia pia distributa. Kama mtu alishaondoa ya zamani yenye kopo la vakyumu (linalosogeza taimingi kwa mvuto wa injini) na kufunga ile ya Bosch inayoishia na namba 009, ambayo haina kopo, gari itasita kila unapokanyaga kutoka sailensa, na kabureta yako itasingiziwa. Distributa ile ni imara na mafundi wanaipenda kwa urahisi wake, lakini haikupimiwa kabureta hii. Mwenye ya vakyumu iliyo nzima aishike.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kabureta yako, kama ni ya kiwandani, ni Solex 34 PICT-3, na jina limeandikwa kwenye mwili wake. Hiyo 34 ni kipenyo cha shingo kwa milimita pale kipepeo kilipo. Ikiwa yako imeandikwa 30 au 31, mtu alishaibadilisha. Kazi ya shafti ni ileile, ila jeti zake, vile vitundu vya kupimia mafuta, ni nyingine. Inashikwa na nati mbili tu chini, spana namba 13, na kifuniko kina skrubu tano. Kabla ya kuifungua piga picha za springi na za mkono wa pampu. Ndani ya chemba ya boya kuna kipande kidogo cha plastiki kinachokandamiza pini ya boya. Kinadondoka, kinafagiliwa na takataka, halafu gari inamwaga mafuta na hakuna anayejua kwa nini.

Kipepeo kimefungwa kwenye shafti kwa skrubu mbili ndogo ambazo ncha zake zimepigwa zikapanuka ili zisilegee. Ukizilazimisha zitakatika. Zisagwe kwanza kwa tupa ndogo hadi zilingane na shafti, ndipo zifunguliwe, na wakati wa kurudisha utumie mpya. Weka alama kwenye kipepeo, upande wa juu ni upi na kulia ni wapi. Kingo zake zimekatwa kwa mshazari, na ukikigeuza hakitaziba tena.

Hapa ndipo fundi wa gereji anapompisha fundi wa kukereza. Tundu linatakiwa lipanuliwe na kuwekwa bushi, yaani vipete vya brasi au bronzi, na jambo hilo halifanywi kwa drili ya mkononi. Nalisisitiza kwa sababu nimeona miili mizuri ya Solex ikiuliwa hivyo. Matundu mawili yanatakiwa yakae mstari mmoja kamili. Drili ya mkononi italifuata lile tundu la yai ambalo tayari limepinda, na ukimaliza shafti itabana kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwili ufungwe kwenye mashine, upande mmoja na wa pili vipitiwe bila kuufungua, na mkato wa mwisho uwe wa rima, kifaa cha kusawazisha tundu. Ukuta wa bushi wa milimita moja unatosha. Usikubali atoboe zaidi ili eti bushi iwe nene, maana kuna njia za hewa na za mafuta zimepita karibu na tundu hilo, na ukitoboa mojawapo hapo kweli kabureta imekufa.

Shafti yenyewe ipimwe kwa mikromita, sehemu ya katikati ambayo haijaguswa na sehemu za pembeni zinazokaa kwenye matundu. Kama pembeni imelika, kuweka bushi mpya juu ya shafti hiyo ni kupoteza fedha. Atengeneze mpya ya chuma, ni kazi ya saa chache kwa mtu aliyesomea. Kati ya shafti na bushi nataka nafasi ya 0.02 hadi 0.05 mm, ambayo kwa mkono unaisikia kama shafti inaelea bila kugonga. Bushi ishikwe kwa gundi ya kushikilia beringi, ile isiyoyeyuka kwa petroli. Gundi ya kawaida ya kuchanganya mirija miwili mara nyingi huachia baada ya muda. Na ncha ya bushi isichomoze ndani ya shingo hata kidogo, isagwe ifuate mviringo, la sivyo kipepeo kitanasa kikiwa wazi, na huo ni mkasa wa barabarani ambao hutaki.

Arusha hukosi mtu wa kazi hii. Waliosomea ufundi mitambo VETA wapo, karakana zenye mashine ya kukereza zipo. Nenda na kabureta, shafti na maelezo haya mkononi. Mtu akikwambia ataimaliza kwa drili mbele yako wakati unakunywa soda, mshukuru uondoke.

Wakati mwili uko mikononi, malizia mengine. Usikubali uchemshwe kwenye kostiki, inakula aloi. Petroli, brashi na kompresa vinatosha. Jeti zisichokonolewe kwa waya wa chuma, kwa sababu tundu la 1.275 mm likikwaruzwa si la 1.275 tena; tumia uzi wa mshipi wa kuvulia. Kifuniko kiweke juu ya kioo ukibonyeze pembe kwa pembe, kikicheza kimepinda. Bandika msasa laini kwenye kioo, ukisugue taratibu kwa mzunguko hadi uso wote ung'ae sawasawa. Fanya vivyo hivyo kwa kitako kinachokalia manifoldi, maana mafundi wengi hukaza zile nati mbili kwa hasira na kitako kinajikunja.

Kurudisha kipepeo kuna siri ndogo. Weka skrubu mbili mpya bila kuzikaza, kifunge kipepeo kwa kukiachia kipige mara kadhaa ili kijiweke katikati chenyewe, kishikilie hapo, ndipo ukaze. Inua mwili kwenye mwanga wa dirisha: uzi mwembamba wa mwanga unaolingana pande zote unakubalika, mwanga wa upande mmoja haukubaliki. Kisha ncha za skrubu zipigwe zipanuke tena huku shafti imeegemezwa kwenye chuma, usije ukaipinda. Usiruke hatua hii. Skrubu ikilegea safari inayofuata ni ndani ya silinda.

Kuna kitu kimoja ambacho ningekifanya leo, hata kama kabureta utaipeleka mwezi ujao. Kwenye kifuniko, pale mpira wa petroli unapoingia, kuna kijibomba cha brasi kilichopigwa tu kwenye aloi bila nyuzi. Miaka ikipita, joto na mtetemo vinakilegeza. Kikichomoka injini ikifanya kazi, pampu inamwaga petroli juu ya injini yenye moto, karibu na distributa, na Volkswagen nyingi zimeungua kwa njia hiyo. Krankkesi yake, yaani mwili wa chini wa injini, ni ya magnesiamu, ikishika moto hutaizima kwa ndoo ya maji. Kishike kwa koleo, ukizungushe kidogo. Kikizunguka, kitolewe, tundu likatwe nyuzi na kuwekwa kijibomba cha kufunga kwa nyuzi, kisha mpira wa petroli ubadilishwe na ufungwe klipu pande zote mbili. Filta ya petroli kama inaning'inia ndani ya chumba cha injini, ihamishie chini ya gari.

Sasa skrubu, ambazo kwenye 34 PICT-3 watu wengi wanazikosea. Ile iliyo kwenye mkono wa kipepeo si ya kurekebisha sailensa. Kazi yake ni kuzuia kipepeo kisibane shingoni. Choki (kibati cha juu kinachobana hewa injini ikiwa baridi) ikiwa wazi, geuza skrubu hiyo hadi iguse tu ngazi ya chini kabisa ya kamu ya choki, ongeza robo mzunguko, uisahau. Fundi wako karibu hakika ameikaza ili injini isizime, na hapo kipepeo kimebaki wazi kupita kiasi, kimefunua vitundu vinavyotakiwa kuamka baadaye unapoanza kukanyaga, na vyenyewe vinamwaga mafuta ukiwa umesimama. Sehemu ya weusi wa plagi zako inaweza kuwa imetoka hapo.

Pembeni upande wa kushoto kuna skrubu mbili, kubwa na ndogo. Kubwa hupitisha hewa kando ya kipepeo, ndiyo ya mwendo wa sailensa. Ndogo ni ya mchanganyiko. Ingiza ndogo taratibu hadi iguse bila kuikaza, irudishe mizunguko miwili na nusu. Washa, subiri injini ipate moto vizuri na choki isimame wima, kisha tumia kubwa kupata mizunguko 850 kwa dakika. Geuza ndogo kutafuta mahali injini inapokimbia zaidi, halafu iingize polepole mpaka mwendo ushuke 20 au 30. Rudisha 850 kwa kubwa. Basi. Kama skrubu ndogo haileti mabadiliko yoyote, usiendelee kuizungusha. Ama hewa bado inaingia mahali, ama njia ya sailensa imeziba, ama ile valvu ya umeme iliyofungwa pembeni haifunguki. Washa ufunguo bila kuwasha injini, chomoa waya wake na kuuchomeka: inatakiwa ilie tik.

Tumemaliza hewa, tuje kwenye weusi. Kabla ya kulaumu jeti, tazama choki. Ni ya umeme, ina springi ndani ya kile kikopo cha mviringo, na umeme wa volti 12 huipasha moto ili ifunguke yenyewe. Baada ya dakika chache za kuwaka, kibati chake kinatakiwa kisimame wima kabisa. Kikibaki kimelala hata kidogo, gari inakunywa mafuta kutwa nzima. Waya uliokatika au kikopo kilichofungwa nje ya alama ndiyo sababu ya kawaida. Angalia pia washa, ile pete bapa ya sindano ya boya. Unene wake ndio unaopanga kimo cha petroli kwenye chemba, na seti za bei nafuu huja na washa za unene wowote. Rudisha yenye unene sawa na iliyotoka.

Halafu kuna mlima. Tanga gari ilikuwa usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400, na hewa huko ni nyepesi kwa kama asilimia 13. Kabureta haijui kwamba hewa imepungua uzito, inaendelea kutoa petroli karibu kama pwani, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa kadiri ya asilimia 7. Hii peke yake haizimishi gari, ila inaongeza weusi na kupunguza nguvu. Chungulia namba ya jeti kubwa, iko nyuma ya nati ya pembeni ya chemba ya boya. Ikiwa ni 127.5, jaribu 125, na ikibidi 122.5. Usishuke zaidi ya hapo kwa kusikia tu kwamba inapunguza mafuta. Injini hii inapozwa kwa hewa, na sehemu ya kazi ya kuipoza inafanywa na petroli yenyewe. Ukiibania itachoma valvu za kutolea moshi kwenye mpando wa kwanza mrefu. Na kama utaipeleka Tanga sikukuu, rudisha 127.5 kabla ya kushuka.

Asubuhi za Juni na Julai za huko zitakuletea jambo jingine ambalo baba yako Tanga hakuwahi kuliona. Petroli ikigeuka mvuke inapoza shingo ya kabureta, na kwenye baridi yenye unyevu barafu inajenga pale kipepeo kilipo. Gari inasita, inazima, ukisubiri dakika tano inawaka kama kwamba haikuwa na shida. Kwa ajili hiyo kuna bomba jembamba linalopitisha moshi wa moto chini ya manifoldi. Mara nyingi limeziba masizi. Endesha robo saa, sogeza mkono kwa tahadhari pande zote mbili: likiwa la moto kulia na baridi kushoto, limeziba, na kulizibua ni kazi ya waya wa kebo kwenye drili na subira nyingi.

Kuhusu kabureta ya kuiga, siipingi kwa kila hali. Mwili ukiwa umepasuka au umeshatobolewa vibaya, nunua, lakini dukani tikisa shafti kabla ya kutoa fedha, maana nyingine huja na plei tangu kwenye boksi, na ukifika nyumbani soma namba za jeti na ukague kile kijibomba cha petroli. Ukipata Solex kuukuu ya Ujerumani au Brosol ya Brazil yenye mwili mzima, mimi ningeichagua hiyo kwa kuibadilishia bushi. Ya Toyota inahitaji bamba la kuunganisha, waya mpya wa mafuta na jeti za kubahatisha. Utapata gari inayotembea, ila hakuna atakayejua kuipanga baada ya huyo aliyeifunga.

Ukishamaliza, endesha kama kilomita 50 za barabara kuu, zima injini mwendo ukiwa bado, toa plagi zote nne na uzipange kwa namba za silinda. Kahawia ndiyo tunayoitaka. Zote zikiwa nyeusi, rudi kwenye choki na jeti. Za 1 na 2 zikiwa kahawia na za 3 na 4 nyeupe, mpira wa manifoldi wa kushoto unavuja, na kabureta haihusiki.